Uso wa Safu ya Pembeni

Mimi ni mtu wa kuondoa vitu. Kwangu ukutani hakuna kalenda ya kanisa wala saa ya dhahabu bandia, mezani hakuna maua ya plastiki, na shangazi yangu kila akija kunitembelea huuliza kama nimehamia jana. Kazini niko vilevile. Natunza tovuti ya redio ndogo ya mtaa hapa Kolwezi, na nikiulizwa tovuti nzuri ni ipi, hujibu kwamba ni ile ambayo msomaji akiifungua anaona alichokuja kutafuta, kisha anaenda zake. Mkurugenzi wetu ana fikra nyingine. Yeye akiona mahali patupu anaona hasara, na tumebishana juu ya jambo hilo tangu niajiriwe.

Safu ya pembeni ilikuwa mali yake. Kila ukurasa ulikuwa na habari upande mmoja, na upande wa pili safu nyembamba iliyoshuka kutoka juu hadi chini, imejaa kila kitu kilichokosa pa kukaa. Juu kabisa palikuwa na saa inayometameta ambayo haikuwahi kusema kweli. Chini yake tangazo la magodoro. Kisha picha ya kwaya, bei ya unga wa mahindi ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha, mstari wa Biblia, mtu wa Lubudi anayeuza mbuzi, na magodoro tena. Chini kabisa palikuwa na kisanduku chenye kichwa "Anatafutwa", na ndani yake uso wa mwanaume mmoja.

Uso ule niliuweka mimi. Mkewe aliniletea picha mwanzoni mwa mvua. Alikuwa muuza makala, yaani mkaa, kwenye barabara ya kwenda Mashamba, kule malori ya madini yanakopita na kuacha vumbi juu ya kila kitu, na kabla ya kuitoa picha mfukoni aliomba maji akanawa mikono. Mumewe alikuwa akipeleka sabuni na chumvi Kisenge kwa treni ya mizigo. Safari hiyo wenzake walirudi, yeye hakurudi. Mmoja alisema alimwona akivuka mpaka kwenda Angola. Mwingine alisema aliteremka kituo fulani kabla ya Kisenge kununua maji, na treni ikaondoka. Wa tatu alisema huku anacheka kwamba huenda amepata jiko lingine. Mwanamke alinieleza hayo yote bila kulia na bila kuongeza chumvi, na nilimpenda kwa hilo.

Picha yenyewe ilipigwa studio. Mume amevaa suti ya kahawia iliyompwaya mabegani, na kushoto kwake amesimama mke, amevaa kitenge kipya, mkono mmoja juu ya bega la mumewe. Kwa safu ile nyembamba watu wawili hawakuenea. Ilibidi nimkate mke. Nilijaribu kumkata pamoja na mkono wake, lakini kila nilipoutoa mkono nililitoa na bega, na mume alibaki ameinama upande. Basi nikauacha. Mwanaume akabaki peke yake, vidole vinne vya mtu asiyeonekana vikiwa juu ya bega lake. Nilimuuliza mwanamke kama anaona vibaya kukatwa.

"Mi sikupotea, mama," alisema. "Kata tu."

Kabla sijaendelea, lazima nieleze desturi ya redio yetu, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka humo. Mtu akipotea, jamaa yake analeta komunike, nayo inasomwa baada ya habari za jioni. Haiachi kusomwa mpaka yule yule aliyeileta arudi na kusema basi. Hata akija padri, hata akija mkuu wa mtaa, hatukubali. Ni yeye peke yake. Kwa hiyo wasikilizaji wetu wote, kuanzia hapa mpaka Lubudi, mpaka Kisenge, wanajua kwamba komunike ikinyamaza mtu amepatikana, akiwa amesimama au akiwa amelala, na kwamba aliyeileta ndiye wa kwanza kujua. Komunike ya mwanamke huyu ilisomwa kwa muda mrefu. Baadaye mkurugenzi alipohitaji nafasi ya matangazo mengine, alimwomba waiondoe hewani na kuibakiza kwenye tovuti, na mwanamke alikubali kwa kuwa kwenye tovuti kulikuwa na uso; wasikilizaji wakatangaziwa kwamba bado anatafutwa huko.

Sasa ile safu. Siku moja mkurugenzi alirudi kutoka mkutanoni amenuna. Huko mgeni mmoja alikuwa amefungua tovuti yetu kwenye simu yake. Kwenye simu, safu ya pembeni ilikuwa imeibana habari mpaka kila mstari ukabaki na neno moja, na mgeni yule alisimama akasoma habari ya maji ya bomba kwa sauti, neno, kituo, neno, kituo, mpaka chumba kizima kikacheka.

"Ondoa ile kolone," mkurugenzi aliniambia kabla hata hajaketi. "Leo."

Nilikuwa nimesubiri maneno hayo miaka. Sitaficha, nilifurahi.

Ila mimi huwa sifuti kitu moja kwa moja. Nakificha kwanza. Kwenye maandishi yanayoupanga ukurasa unaongeza mstari mmoja mfupi, unauambia ukurasa kwamba sehemu hii isionekane, basi. Hakuna kilichotoka. Saa inaendelea kudanganya, magodoro yako palepale, mbuzi wa Lubudi bado anauzwa, ila msomaji haoni. Nafanya hivyo kwa sababu namjua mkurugenzi wetu, anayeweza kusema ondoa asubuhi na kusema rudisha akisha kula. Niliandika ule mstari, nikafungua ukurasa upya, na habari zikajinyoosha upana wote wa kioo. Nilijitengenezea chai. Yule mwanaume wa "Anatafutwa" nilikuwa nimempangia ukurasa wake mwenyewe, mzuri kuliko kisanduku kile, lakini umeme wiki hiyo ulikuja na kuondoka ulivyotaka, na kazi zilizokuwa mbele yake zilikuwa nyingi. Sikuona kosa. Hata leo, kwa upande wa kazi, silioni.

Jambo nililokuwa silijui ni kwamba mama mzazi wa yule mwanaume alikuwa na mazoea yake. Alikuwa bibi kizee asiyejua kusoma. Kila Jumapili wakitoka kanisani, mjukuu mmoja alimfungulia ukurasa wetu kwenye simu na kuusukuma kwa kidole mpaka chini kabisa. Kizee alimtazama mwanawe, kisha akanawa mikono akala. Jumapili ile mjukuu alisukuma ukurasa mpaka ukaisha. Habari ya maji ya bomba, habari ya mpira, mwisho. Kizee aliisogeza pembeni sahani ya bukari, ugali wetu, na nyumba nzima ikaacha kula.

Kesho yake asubuhi muuza makala alikuwa mlangoni kwangu. Safari hii hakuomba maji ya kunawa.

"Mama, nani alikuya kusimamisha komunike yangu?"

"Hakuna mutu," nilisema.

"Kwa bwana yangu banasema ni mi. Banasema nilipata habari ya kifo, nikanyamaza, nikakuya hapa mbio kusimamisha komunike. Juu ya lupango."

Lupango ni kiwanja pamoja na nyumba iliyo ndani yake, na kwa kusema neno hilo moja alikuwa amesema yote. Mume akifa, ndugu zake wanakuja siku hiyohiyo kufunga nyumba kwa kufuli lao, na mjane anakaa chini kwenye mkeka akingoja waamue kama atatoka na masufuria au bila masufuria. Sheria inasema vingine, lakini sheria haiamki mapema kuliko shemeji. Mke wa mtu aliyepotea hagusiki. Ila mke aliyejua kifo cha mumewe akakificha, huyo hata jina lake haliokoki. Watamwita mficha kifo mpaka azeeke.

"Kesho banakuya kukaa mu lupango," alisema. "Kufuli balisha nunua. Ukuye. Usinitetee, mama. Sema tu kile ulifanya."

Kwa kweli sikutaka kwenda. Sipendi vikao vya familia za watu, na hata za kwetu navikwepa. Lakini nilikasirika. Kazi yangu safi, mstari mmoja mfupi, na watu wameigeuza kesi ya kifo. Niliibeba kompyuta ndani ya begi nikaenda kwa hasira, na nadhani hasira ile ndiyo iliyonifikisha.

Walikuwa wamekaa uani kwenye viti vya plastiki. Aliyeongoza kikao alikuwa kaka mkubwa wa yule mwanaume, mstaafu wa reli, amevaa kofia ambayo hakuivua. Mama yao alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Muuza makala alikuwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti kwenye uwanja wake mwenyewe. Juu ya meza ndogo palikuwa na kufuli jipya, bado limo ndani ya kartoni yake.

"Karibu, mama," kaka mkubwa aliniambia. "Ni swali kidogo tu. Ku radio yenu, mutu anaweza kusimamisha komunike ni nani?"

"Ni ule aliileta," nilijibu.

"Na hii, nani aliileta?"

"Ni uyu," nilisema, nikimwonyesha muuza makala.

"Aksanti. Umemaliza."

Wakaanza kunong'ona, na shangazi mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili tayari kupiga yowe. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimejibu maswali mawili kwa ukweli mtupu na kumhukumu mwanamke niliyekuja kumsaidia.

"Sijamaliza, tata," nilisema, kama tunavyowaita wazee, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Hakuna mutu alisimamisha komunike. Ni mi njo nilificha ile kolone yote ya pembeni."

"Kuficha? Banafichaka mutu kama hayakufa?"

"Sikuficha mutu. Nilificha magodoro."

Kijana mmoja alicheka, akanyamazishwa kwa jicho.

"Na ndugu yangu alikuwa mu magodoro?" kaka mkubwa aliuliza.

"Chini yake, tata."

Nikaona kwamba nikiendelea kueleza nitachimba shimo zaidi. Nilifungua kompyuta, nikaiunganisha na mtandao wa simu yangu, nikawaambia wasogee. Niliwaonyesha ukurasa ulivyo, habari peke yake. Kisha nikafungua maandishi yanayoupanga na kuwasomea mahali palipokuwa na kwaya, mahali palipokuwa na mbuzi, na mwisho kabisa jina la picha ya ndugu yao. Wengi hawakuelewa, na sikutegemea waelewe. Kijana aliyecheka ndiye aliyesema, "Yake iko pale, nimeona." Nikaufuta ule mstari wangu mmoja na kuufungua ukurasa upya.

Mtandao ulikuwa mzito. Kwanza ilirudi ile saa ya uongo, inametameta. Kisha magodoro, kwaya, bei ya unga, mstari wa Biblia, mbuzi, magodoro tena. Nikasukuma mpaka chini, na hapo pakabaki patupu kidogo, pakabaki patupu zaidi, kisha uso ukajitokeza kutoka juu kwenda chini, nywele, macho, suti, mkono wa mkewe begani.

Mama yao aliomba apewe ile mashine. Niliiweka magotini pake nikaishika ili isianguke.

"Alikuwa fasi gani hizi siku?" aliniuliza.

"Alikuwa hapahapa, mama. Alikuwa haonekane tu."

Kizee alilifikiria hilo. Sijui alifikiria nini, na wakati ule nilifikiri tu kwamba betri inaisha. Kisha alimgeukia mwanawe mkubwa.

"Ondoa ile kufuli pa meza," alisema. "Watu batakula hapa."

Kaka mkubwa alilichukua kufuli akalitia mfukoni mwa koti. Shangazi aliteremsha mikono kutoka kichwani. Mtu alimletea muuza makala kiti, na yeye hakukaa, alikwenda kuwasha moto. Nilipokuwa nafunga begi langu, kizee alinishika mkono.

"Usimufiche tena," alisema.

Nikamwambia sitamficha.

Ahadi ile ilinigharimu mabishano na mkurugenzi, lakini safari hii nilishinda. Nilifuta saa, nikafuta kwaya, unga, mbuzi, magodoro yote mawili. Nilifuta kweli, si kuficha. Safu ya pembeni ilibaki na mtu mmoja. Kwenye simu nilimpandisha juu, ili kizee asisumbuke kusukuma. Mkurugenzi aliuliza tutawaambia nini wenye magodoro, nikamjibu kwamba godoro likimwangukia mtu litaingia kwenye habari.

Matokeo yake ni kwamba yeyote aliyefungua tovuti ya redio yetu alikutana kwanza na mwanaume wa suti ya kahawia. Watu wa mbali walituandikia kuuliza kama ndiye mwanzilishi. Mmoja kutoka Lubudi aliuliza anagombea jimbo gani, akasema anaonekana mtu wa kusikiliza watu. Mimi nilimzoea. Nikifungua kompyuta asubuhi nilimpa habari ya asubuhi kimoyomoyo, jambo ambalo sikuwahi kuwafanyia magodoro.

Muuza makala alikuwa akipita mbele ya redio na baiskeli yake iliyobebeshwa magunia. Akiniona dirishani alipunguza mwendo.

"Angali?" alikuwa akiuliza.

"Angali."

Kisha anaenda. Mazungumzo yetu kwa muda mrefu yalikuwa hayo tu, na yalinitosha, naye nadhani yalimtosha.

Kizee alifariki msimu wa baridi. Kaka mkubwa alikuja mwenyewe kuleta komunike ya kifo, kofia mkononi safari hii. Kwetu komunike ya kifo inawataja watoto wa marehemu mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mahali kila mmoja anapoishi, ili wasikie huko waliko na waje. Alinitajia, nami nikaandika. Mwenyewe, wa hapa Kolwezi. Dada yake, wa Lubumbashi. Halafu akakwama kwenye jina la tatu.

"Andika," alisema baadaye, "na mutoto wake mwenye kufuata, fasi yenye iko. Kama anasikia, akuye azike mama yake."

Ilisomwa hivyo, asubuhi, mchana na jioni. Wenye malori waliibeba, watu wa treni waliibeba. Mtu wa kwetu aliye hai huja kumzika mama yake. Anaweza kuwa amegombana na ukoo mzima, anaweza kuwa na nyumba nyingine na watoto wengine huko aliko, lakini kwa mama yake atakuja, hata akifika udongo umeshafukiwa, hata akisimama mbali bila kumsalimia mtu. Waliahirisha mazishi ili kumngoja. Niliambiwa kwamba makaburini waliacha nafasi upande ambao watoto wa marehemu husimama, mtu mmoja kati ya kaka na dada, na hakuna aliyesogea kuiziba. Walizika. Walikaa kilio mpaka kikaisha, na kila pikipiki iliposimama barabarani watu waligeuza vichwa.

Hakuja.

Kilio kilipokwisha, muuza makala aliacha baiskeli yake nje akaingia ofisini kwangu. Aliomba maji, akanawa mikono. Hapo nikajua kuna jambo la picha.

"Ondoa," alisema.

"Nifiche ao nifute?" Nilimuuliza kwa sababu tofauti yake aliijua kuliko mtu yeyote mjini.

"Futa."

Nilimkumbusha kwamba nilimwahidi mama mkwe wake.

"Ulisema hautamuficha. Haufiche."

"Na lupango?"

Alikaa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona ameketi.

"Ile batasema kwa kinywa yabo," alisema. "Mi nimechoka kuwa bibi ya picha. Kama iko muzima, na hakukuya kuzika mama yake, ule hapana bwana yangu, ni mutu mungine. Kama alikufa, basi nimulilie. Nani atamulilia kama si mi?"

Mimi ninayefuta vitu kwa furaha, siku ile mkono wangu ulikuwa mzito, na nilijisikia uchungu hasa, uchungu wa kumtoa mtu nyumbani kwangu. Nilifuta kisanduku. Kisha, kwa kuwa safu haikuwa tena na kitu, nikaifuta safu yenyewe. Alitaka kuona, nikamgeuzia kioo nikafungua ukurasa upya. Habari zilisogea zikajaza mahali pale, mstari kwa mstari, na hakuna mgeni ambaye angejua kwamba palikuwa na kitu.

"Upesi vile?" aliuliza.

"Upesi vile."

Alitikisa kichwa. Kisha akasema anahitaji picha kubwa ya kuweka kwenye kiti.

Kwenye kilio kisicho na maiti, picha ndiyo inayokaa mahali pa marehemu, juu ya kiti chenye kitambaa cheupe. Nilifungua picha ya kwanza, ile ya studio, nzima, na tuliwatazama wawili hao pamoja kwa mara ya kwanza tangu niikate. Hiyo haikufaa, wote wawili tulilijua bila kusema. Mtu aliye hai hawekwi kwenye kiti cha kilio pamoja na aliyekufa. Ni kumwita amfuate. Ilibaki ile niliyoikata, na ile ilikuwa na mkono. Siku hizi nimejifunza, naweza kuutoa mkono na kulirudisha bega, na hakuna atakayeona. Nikamwambia hivyo.

"Acha mukono," alisema.

"Tata mukubwa atasema."

"Aseme."

Nikaichapisha ilivyo.

Mimi sikai kilioni. Hupita, husalimia, huacha kitu kidogo na kurudi kazini, na watu wamenizoea. Lakini kesho yake nilipopita njia ile, matawi ya mitende, alama ya kilio, yalikuwa yamechomekwa mlangoni mwa lupango, na miguu yangu iliingia. Picha ilikuwa kwenye kiti karibu na mlango wa nyumba. Nilikuwa nimeikuza kuliko ilivyoweza kuvumilia, na kwa karibu uso ulikuwa vipande vya mraba. Vidole vinne vilionekana vizuri kuliko macho.

Kaka mkubwa alikuwa amesimama mbele yake, na yule shangazi wa siku ile alikuwa pembeni yake.

"Na hii mukono ya nani?" shangazi aliuliza kwa sauti, ili wote wasikie. "Mutu muzima habawekake pale. Ondosheni."

Mikono ya kaka mkubwa ilikuwa ndani ya mifuko ya lile koti, na mimi nilikumbuka kufuli lililowahi kutiwa humo. Aliitazama ile picha.

"Mama yetu alikuwa anamuona vile kila siku ya Mungu," alisema. "Muache."

Akatoa mikono mfukoni, mitupu, akaenda kukaa na wanaume. Mlango wa nyumba nyuma ya kiti ulikuwa wazi, na ndani mtu alikuwa akihamisha masufuria kwenda jikoni kwa ajili ya chakula cha watu. Nilivua viatu nikakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Mke wake alikuwa amekaa chini, karibu kabisa na kiti, upande wa kushoto wa mumewe, pale nilipomkata.